Mafunzo Kazini na Aina za Watu Wazima Wanaojifunza

Fasili

Mafunzo kazini ni ufundishaji unaopangwa na mwajiri, au unaofanywa kwa niaba yake, ili mfanyakazi aweze kutekeleza kazi maalumu kwa kiwango kinachotakiwa. Yanatofautiana na elimu ya jumla kwa mambo mawili: kazi inayofundishwa hujulikana kabla somo halijaanza, na mafanikio hupimwa kwa utendaji. Yapo makundi manne makuu. Mafunzo elekezi humpokea mwajiriwa mpya na kumwonyesha taratibu, watu na hatari za mahali pa kazi. Mafunzo ya stadi humfundisha kazi ambayo hajawahi kuifanya. Mafunzo rejea hurudisha au kusahihisha stadi iliyopo. Uanagenzi humweka mwanagenzi chini ya fundi kwa muda mrefu, akizalisha na kujifunza kwa wakati mmoja.

Mtu mzima, katika taaluma hii, hatambuliwi kwa umri peke yake. Ni mtu aliyekwisha kubeba majukumu ya kujitegemea, mwenye uzoefu wa maisha na wa kazi, na aliyezoea kujiamulia mambo yake. Kijana wa miaka 19 anayelea familia kwa kibarua cha ujenzi anaingia katika fasili hii.

Urekebishaji wa mafunzo ni kubadili njia, mfuatano, lugha, zana, mahali au muda wa somo ili watu wa aina tofauti wafikie kiwango kilekile cha kazi. Kulegeza kiwango si urekebishaji, kwa sababu kunamwacha mfanyakazi na kazi asiyoimudu. Kuwatenga wanaochelewa kwa kuwapa kazi duni nako si urekebishaji, kwa sababu hakuna kinachofundishwa.

Chimbuko la dhana

Neno andragojia, yaani taaluma ya kuwafundisha watu wazima, lilitumiwa na mwalimu Mjerumani Alexander Kapp mwaka 1833. Lilienea zaidi kupitia Mmarekani Malcolm Knowles, ambaye mwaka 1970 alieleza sifa nne za mtu mzima anayejifunza: hujiona ni mtu wa kujiongoza, huja na hazina ya uzoefu, huwa tayari kujifunza kile ambacho majukumu yake yanadai, na hutaka kukitumia mara moja. Baadaye aliongeza msukumo wa ndani na haja ya kujua sababu ya kujifunza. Sifa hizo zilimtofautisha mtu mzima na mtoto. Hazikutosha kumtofautisha mtu mzima mmoja na mwingine, na hapo ndipo kazi ya uainishaji inapoanzia.

Upande wa viwanda una chimbuko lake. Mwaka 1940 Marekani ilianzisha mpango wa kuwafundisha wafanyakazi wapya wa viwanda vya vita, uliodumu hadi 1945. Mpango huo ulitegemea hatua nne zilizotokana na zile alizoziandika Charles R. Allen mwaka 1919: kumwandaa anayejifunza, kumwonyesha kazi, kumjaribisha na kumfuatilia. Hatua hizo zingali zinatumika katika ufundishaji wa kazi za mikono.

Tanzania ilitangulia mapema katika kuunganisha kisomo na kazi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 ikiwa tawi la Chuo cha Makerere, na ikawa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa ushirikiano na UNESCO; vitabu vyake vya kusomea vilijengwa juu ya shughuli za wasomaji wenyewe, kama kilimo cha pamba, migomba, ufugaji na uvuvi. Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kanuni iliyotokana na kazi hiyo haijachakaa: mtu mzima hujifunza kwa urahisi pale somo linapoanzia kwenye shughuli anayoifahamu.

Misingi ya uainishaji

Watu wazima wanaojifunza kazini wanaweza kugawanywa kwa misingi mitano: ujuzi tangulizi, kisomo na lugha, lengo, umri na hali ya mwili, na nafasi ya mtu kazini. Misingi hii haitengani. Mtu mmoja huwa na nafasi katika kila msingi, na mkufunzi hulazimika kuamua upi una uzito zaidi katika kazi husika. Kwa kazi nyingi uzito mkubwa huangukia ujuzi tangulizi.

Aina kwa ujuzi tangulizi

Ujuzi tangulizi ni yote ambayo mfanyakazi anayajua na kuyaweza kuhusu kazi husika kabla ya somo. Ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliupanga ukuaji wa stadi katika ngazi tano: mgeni, mgeni aliyesogea, anayemudu, stadi na mbobezi. Kwa matumizi ya kila siku kazini ngazi hizo zinaweza kukunjwa kuwa aina tatu.

Aina ya kwanza ni mgeni wa kazi. Hana picha ya kazi nzima na hawezi kupambanua jambo kubwa na dogo. Anahitaji maelekezo kamili, hatua chache kwa wakati mmoja, mfano uliokwisha kufanywa mbele yake, na masahihisho ya papo kwa papo. Kumwachia agundue mwenyewe humchosha, na penye hatari huweza kumuumiza.

Aina ya pili ni mzoefu asiye na cheti. Huyu amejifunza kwa kufanya, mara nyingi chini ya fundi wa mtaani. Mikono yake ina ujuzi ambao hawezi kuueleza kwa istilahi za kitabuni. Kumfundisha tangu mwanzo ni kupoteza muda wake na kumvunjia heshima. Kinachotakiwa kwanza ni kupima anachokiweza, kisha kufundisha pengo tu. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti.

Aina ya tatu ni mbobezi anayebadilishiwa utaratibu. Anaijua kazi kwa undani, lakini mazoea yake ya zamani hushindana na utaratibu mpya. Somo lake kuu ni kuacha, na kuacha ni kugumu kuliko kuanza. Anahitaji kuelezwa sababu ya badiliko, kupewa nafasi ya kulijaribu na kuuliza, na kusimamiwa katika siku za mwanzo, hasa anapofanya kazi kwa haraka, kwa kuwa mazoea hurudi wakati wa haraka.

Mpaka kati ya aina hizi una ushahidi wa kitafiti. Mwaka 2003 watafiti wa Australia, Slava Kalyuga na wenzake, walieleza kuwa maelekezo ya kina yanayomsaidia mgeni huweza kumzuia mjuzi, kwa sababu humlazimu kuyapatanisha maelezo asiyoyahitaji na yale anayoyajua tayari. Kundi moja likifundishwa kwa somo moja, basi, upande mmoja hupata hasara: mgeni akiachwa nyuma, au mjuzi akipotezewa muda.

Aina kwa kisomo na lugha

Kwa msingi huu kuna aina nne: asiyesoma wala kuandika, anayesoma kwa shida, anayesoma vizuri lakini katika lugha isiyo ya mwongozo, na anayesoma lugha ya mwongozo. Aina ya tatu husahaulika mara kwa mara. Katika maeneo mengi ya kazi Tanzania na Kenya mashine huja na kitabu cha Kiingereza au Kichina, mafunzo huendeshwa kwa Kiswahili, na maelezo ya pembeni kati ya wafanyakazi hutolewa kwa lugha nyingine kabisa. Mfanyakazi anaweza kufeli mtihani wa maandishi huku akiimudu kazi, au akafaulu kwa kukariri huku haiwezi.

Urekebishaji hapa una zana zake: picha za hatua, alama za rangi, vifaa halisi, onyesho mbinu, na majibu ya mdomo badala ya karatasi. Istilahi ya kigeni iliyoandikwa kwenye mashine hufundishwa kama ilivyo, kwa kuwa ndiyo mfanyakazi atakayokutana nayo, lakini maana yake hutolewa kwa lugha anayoitumia. Mtu asiyesoma hafichuliwi mbele ya wenzake. Mkufunzi makini humsomea kila mtu kwa sauti na kuliepuka zoezi la kusoma kwa zamu.

Aina kwa lengo

Mmarekani Cyril Houle, katika uchunguzi wake wa mwaka 1961 uliohusu watu wazima 22, aliwagawa wanaojifunza katika makundi matatu. Wenye shabaha hujifunza ili wapate kitu dhahiri, kama cheo, leseni au nyongeza ya mshahara. Wenye kupenda shughuli huvutwa na kukutana na wenzao. Wenye kupenda maarifa hujifunza kwa ajili ya kujua. Kazini inafaa kuongezwa kundi la nne, la waliotumwa: wale walioorodheshwa na msimamizi bila kuulizwa.

Mwenye shabaha huelezwa mapema faida na masharti yake, kwa ukweli, maana ahadi ya cheo isiyotimizwa huua mafunzo yanayofuata. Mpenda shughuli hufaidika na kazi za vikundi. Mpenda maarifa hupewa maelezo ya ziada na kazi ya kuwasaidia wengine. Aliyetumwa huhitaji kuonyeshwa, katika dakika za mwanzo, tatizo la kazi yake mwenyewe ambalo somo litalitatua. Posho humleta ukumbini. Haiwezi peke yake kumfanya ajifunze.

Aina kwa umri na hali ya mwili

Umri hauondoi uwezo wa kujifunza, ila hubadili masharti yake. Kuanzia miaka 40 hivi jicho hupungua uwezo wa kuona karibu, na kadiri miaka inavyoendelea sikio hupoteza sauti nyembamba. Kasi ya kuchakata jambo jipya hupungua, huku msamiati na maarifa yaliyolimbikizwa yakidumu vizuri zaidi. Kwa hiyo mfanyakazi mwenye umri mkubwa hunufaika na maandishi makubwa, mwanga wa kutosha, chumba kisicho na kelele na muda wa kurudia. Mtihani wa kushindana na saa humpima kasi, hata pale ambapo kazi yenyewe haidai kasi.

Wenye ulemavu hurekebishiwa kulingana na kizuizi mahsusi: mkalimani wa lugha ya alama kwa kiziwi, zana za kugusa na maelezo ya sauti kwa asiyeona, mpangilio wa meza na njia kwa mwenye ulemavu wa viungo. Aliyetoka zamu ya usiku naye huingia katika kundi hili kwa muda, kwa kuwa uchovu ni hali ya mwili. Kumfundisha asubuhi baada ya zamu ni kufundisha usingizi.

Aina kwa nafasi kazini

Mwajiriwa wa kudumu huweza kufundishwa kwa awamu na kufuatiliwa. Kibarua wa siku hufundishwa jambo la lazima tu, na usalama hutangulia vyote. Anayepandishwa cheo kuwa msimamizi huhitaji stadi mpya ya kuwaongoza waliokuwa wenzake jana. Anayekaribia kustaafu mara nyingi hufaa kuwa mkufunzi kuliko mwanafunzi, ili ujuzi wake ubaki kazini. Haki ya kufundishwa kuhusu hatari, hata hivyo, haigawanywi kwa cheo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi wake.

Uainishaji wenye udhaifu: mitindo ya kujifunza

Mgawanyo unaotajwa sana kwenye semina ni ule wa mtu wa kuona, mtu wa kusikia na mtu wa kutenda, pamoja na dai kwamba kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, waliuchambua ushahidi uliokuwapo na hawakuona msingi wa kutosha wa kuutumia mgawanyo huo katika ufundishaji. Watu wana mapendeleo, na mapendeleo si kipimo cha kujifunza. Njia huamuliwa na kazi: kuunganisha bomba hufundishwa kwa mikono, na mlio wa beringi iliyokufa hufundishwa kwa sikio, hata kwa anayejiita mtu wa kuona. Msingi huu, kwa hiyo, haumo katika mitano iliyotajwa.

Vipengele vinavyorekebishwa

Maudhui hurekebishwa kwa kupunguza yanayojulikana na kuongeza yanayokosekana. Mfuatano hurekebishwa kwa kuanza na kitendo kisha sababu kwa mgeni, au na sababu kisha kitendo kwa mbobezi. Mbinu huchaguliwa kati ya onyesho mbinu, igizo dhima, mjadala, kisa mafunzo, ziara na uanagenzi. Zana hutofautiana kutoka bango kitita hadi mashine yenyewe, na mashine yenyewe hutangulia pale inapopatikana. Muda hugawanywa: vipindi vifupi vilivyoachana kwa siku kadhaa hudumisha kumbukumbu kuliko siku moja ndefu. Mahali huwa ukumbini, kando ya mashine au kwenye simu. Upimaji hufuata umbo la kazi.

Kielelezo cha kwanza: dawa ya klorini hospitalini

Hospitali hutumia mmumunyo wa klorini wa asilimia 0.5 kutakasa sehemu zilizochafuliwa na damu. Dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Kanuni ni kugawa nguvu ya chupa kwa nguvu inayotakiwa, kisha kutoa 1: 3.5 kwa 0.5 ni 7, toa 1, zinabaki sehemu 6 za maji.

Mhudumu wa usafi aliye mgeni, asiyesoma vizuri, hufundishwa kwa ndoo iliyowekwa alama ya rangi, kikombe kimoja kisichobadilishwa na picha iliyobandikwa ukutani. Huonyeshwa mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa maelezo, kisha huchanganya mwenyewe akisema kila hatua: kuvaa glavu, maji kwanza, dawa baadaye, kutochanganya na sabuni ya asidi kwa kuwa hutoa gesi ya sumu, na kuandaa mpya kila siku.

Mhudumu mzoefu, anayejua moja kwa sita kwa moyo, ana hatari yake. Stoo ikileta chupa ya asilimia 5, kipimo sahihi ni moja kwa tisa, na mazoea yatamfanya aendelee na sita. Somo lake ni moja: kutazama namba ya asilimia kwenye chupa kabla ya kushika kikombe. Msimamizi wa wodi hufundishwa kanuni yenyewe na ukaguzi, maana ndiye anayepaswa kubadili alama za ndoo chupa inapobadilika. Watu watatu wamepewa masomo matatu, na ndoo zote tatu zinatakiwa kuwa na asilimia 0.5.

Kielelezo cha pili: fundi wa gereji na kompyuta ya gari

Fundi wa gereji ya mtaani hutambua injini inayokosa petroli kwa mlio, kwa kutetemeka na kwa hali ya plagi. Mashine ya kupimia gari humpa namba P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa petroli iliyopo. Mgeni aliyetoka chuoni huisoma namba hiyo na kukimbilia kubadili sensa. Mzoefu, akiisha kuelezwa maana yake, huorodhesha mwenyewe sababu zinazowezekana: mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya petroli iliyochoka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Pengo lake ni dogo: menyu ya mashine na maneno machache ya Kiingereza. Mafunzo yanayofaa huwaweka wawili hao kwenye gari moja, kwa sharti kwamba kila mmoja ashike zana ambayo hajaizoea.

Vikwazo

K. Patricia Cross, mwaka 1981, aliviweka vikwazo vya mtu mzima katika makundi matatu. Vya hali ya maisha ni ukosefu wa muda, nauli, na mtu wa kubaki na watoto. Vya kitaasisi ni ratiba, masharti ya kujiunga, na umbali. Vya mwelekeo wa nafsi ni hofu ya kushindwa, kumbukumbu mbaya za shule, na imani kwamba umri umepita. Makundi mawili ya kwanza huondolewa kwa uamuzi wa mwajiri. La tatu huondolewa na mkufunzi, kwa namna anavyopokea kosa la kwanza.

Tathmini

Donald Kirkpatrick wa Marekani alipendekeza mwaka 1959 viwango vinne vya kutathmini mafunzo: maoni ya washiriki, walichojifunza, mabadiliko ya utendaji, na matokeo kwa taasisi. Taasisi nyingi huishia kiwango cha kwanza, kwa fomu inayojazwa mchana wa siku ya mwisho. Urekebishaji haupimiki hapo, kwa kuwa mtu anaweza kufurahia somo lisilomfaa. Hupimika katika kiwango cha tatu, kwa kumtazama kila mfanyakazi akifanya kazi wiki kadhaa baadaye, na kwa kulinganisha aina na aina: ikiwa wageni wameweza na wazoefu hawajabadilika, kasoro ipo katika somo la wazoefu.

Hukumu ya jumla

Urekebishaji wa mafunzo huanza kwa kujua mfanyakazi anaweza nini, na hukamilika pale kila mmoja anapofikia kiwango kilichowekwa kwa wote. Mwajiri anayepima ujuzi kabla ya kufundisha hulipia pengo. Asiyepima hulipia somo zima, na pengo hubaki.